Taa Ndogo ya Manjano

Vifuniko vya chupa vilikuwa kumi na viwili na kila kimoja kilikuwa na kazi yake. Vyekundu vilikuwa swichi, vya kijani vilikuwa taa, na kile kimoja cha bluu kilichopondeka ukingoni kilikuwa injini. Fundi alikuwa amechora ngazi kwenye daftari kuukuu la hesabu la mwanawe, nguzo mbili zilizosimama na vidato katikati, na sasa alikuwa akivipanga vifuniko juu ya vidato huku midomo ikimcheza bila sauti.

"Nabonyeza," mkewe alisema, akiweka kidole juu ya kifuniko chekundu.

"Injini inawaka."

"Natoa kidole."

"Injini inazima."

"Haizimi, baba watoto. Hiki cha pembeni umekiweka wewe mwenyewe. Jana ulinieleza. Ukishaiwasha inajishikilia, inaendelea mpaka mtu aikate."

Fundi aliinamia daftari, akafuata kidato kwa ncha ya penseli, akaguna. Mkewe alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi tangu juzi, na jambo hilo lilimfurahisha na kumkera kwa wakati mmoja.

Mama yake Fundi, aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na mlango akirudishia vifungo vya shati la shule, hakuinua macho. "Mimi ngazi ninazozijua ni za kupandia," alisema. "Hii yenu ni ya kukalia."

Walicheka wote watatu, lakini Fundi aliacha kucheka kabla ya wenzake. Kiwanda cha sabuni kilikuwa na mafundi umeme watatu, na tangazo lilikuwa limebandikwa ukutani: baada ya mtihani wa Jumatatu atabaki mmoja, yule atakayeweza kuandika programu za PLC, yaani vile visanduku vya kijivu vinavyofikiri kwa niaba ya mashine. Wenzake wawili walikuwa vijana waliotoka chuoni na kompyuta zao mgongoni. Yeye alikuwa na miaka ishirini ya nyaya, relei na kontakta, na nywele zilizoanza kumsaliti. Kila Jumamosi asubuhi alikwenda darasani kukaa na watoto wa watu. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na Fundi alikuwa ameinama mpaka kiuno kinamuuma.

"Rudia," mkewe alisema. "Nabonyeza."

* * *

Mashine ya mhuri ndiyo iliyompa mkewe mshahara, na pia jina. Vipande vya sabuni vilikuja juu ya mkanda, mhuri wa chuma ukashuka, ukakandamiza, ukapanda, na wanawake wanne waliosimama pale wakahakikisha hakuna kipande kilichokaa upande. Mbele ya mhuri kulikuwa na mlango wa plastiki nzito. Mlango ukifunguliwa, swichi ndogo iliyojificha kwenye kona yake iliiarifu PLC, na PLC ikasimamisha mhuri. Kulikuwa na kitufe chekundu pia cha kusimamishia, kikubwa kama kiganja, lakini kile kikishabonyezwa hakirudi mpaka msimamizi alete ufunguo, na msimamizi hakuja na ufunguo bila daftari lake. Jina, saa, sababu. Ukiandikwa mara tatu kwa mwezi mmoja unahamishiwa bohari kupakia maboksi. Ndiyo maana msimamizi huyo, akishageuza mgongo, aliitwa Daftari.

Kwa hiyo wanawake walikuwa wamejifundisha wenyewe na kufundishana. Sabuni ikinasa, usiguse chekundu. Fungua mlango, mhuri unasimama, chomoa kipande, funga, endelea. Sekunde nne, na daftari halijui. Mkewe Fundi alitumia mbili, na ndiyo sababu kiwanda kizima kilimwita Chapuchapu.

Ijumaa mchana mashine ikaanza ukaidi. Ilikuwa inapiga mihuri minane au tisa, kisha inasimama kama iliyokumbuka jambo. Injinia, kijana mwembamba aliyemwita Fundi "mzee" kwa heshima isiyokuwa na heshima ndani yake, alifungua kabati la umeme, akaunganisha kompyuta yake, na kabla hajakaa vizuri simu yake ikalia.

"Mzee, kaa hapa uangalie. Usiguse kitu." Akatoka nje.

Daftari alikuja kusimama nyuma ya Fundi, karibu mno. "Lori liko getini," alisema. "Lori haliangalii kompyuta, Fundi. Lori linapakia."

Kwenye kioo cha kompyuta Fundi aliona alama ya mlango ikiwaka na kuzima, ilhali mlango wenyewe ulikuwa umefungwa. Waya ulikuwa umelegea kwenye swichi. Jumamosi iliyopita mwalimu alikuwa amewafundisha kulazimisha, yaani kuiambia PLC kwamba mlango umefungwa, na iamini hivyo hata swichi iseme nini. Fundi alibonyeza vitufe viwili. Mashine ikaondoka, haikusimama tena, na kwenye uso wa PLC ikawaka taa ndogo ya manjano. Aliiona. Akadhani ni dalili njema.

Wanawake walipiga makofi. Daftari akampiga begani. "Kumbe na wewe ni injinia."

Miaka ishirini hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo pale ndani. Fundi alichukua bisibisi, akasubiri zamu iishe na mashine izimwe, akaukaza ule waya uliolegea, na alipogeuka kuirudia kompyuta, Injinia alikuwa ameshaifunga, ameitia begani, amekwenda zake safari hadi Jumatatu. Fundi hakushtuka. Maisha yake yote, waya wa kuirukia swichi unauweka kwa mkono wako na unauona kwa macho yako; ukiuondoa, umeondoka. Alidhani kompyuta nayo ni hivyo, kwamba ikishafungwa imeondoka na maneno yake. Kijana wa chuo asingefanya kosa hilo, wala fundi wa zamani ambaye haijui kabisa kompyuta. Lilimfaa mtu aliyefika katikati ya ngazi.

* * *

"Kulazimisha hakukai kwenye kompyuta," mwalimu alisema Jumamosi, akigonga PLC ya kujifunzia iliyokuwa mezani. "Kunakaa humu. Funga kompyuta, nenda nyumbani, zima umeme, washa kesho, hii yetu bado inaamini ulichoiambia. Ndiyo maana wakaweka taa hii ya manjano. Ikiwaka, ujue kuna mtu ameidanganya mashine."

Fundi aliitazama ile taa. Aliinua mkono polepole.

"Mwalimu, na kama kilicholazimishwa ni mlango?"

"Mlango gani, mzee wangu?"

"Wa mashine. Wa kuzuia mkono."

Darasa likacheka kidogo. "Basi huo si mlango tena," mwalimu alisema. "Hilo ni pazia."

Ilikuwa saa tano na nusu. Asubuhi ya Jumamosi mashine ya mhuri huoshwa, haifanyi kazi. Huwashwa saa nane, na zamu ya saa nane ilikuwa ya mkewe. Fundi alitoka darasani bila kuaga, akasimama kwenye ngazi za jengo, zile za kupandia, akampigia Injinia. Alijieleza kwa sauti ya chini.

"Nilikwambia usiguse," Injinia alisema.

"Uliniambia, bosi."

"Na mimi sikutakiwa kuiacha. Tukilisema hili tunaondoka wawili, unaelewa? Mtihani wa Jumatatu hutausikia hata harufu. Narudi Jumatatu alfajiri, naitoa kwa dakika moja, yamekwisha. Si mkeo ndiye yuko pale? Mwambie awe mwangalifu."

"Wako wanawake wanne pale, bosi."

"Basi mwambie awe mwangalifu mara nne," Injinia alisema, akakata.

* * *

Mkewe alikuwa ameshavaa sare na alikuwa akifunga kitambaa cha kichwa. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na kitambaa hakikumalizika kufungwa.

"Yaani nikifungua mlango, mhuri unakuja."

"Unakuja."

"Sekunde mbili zangu zote, unakuja tu."

"Usifungue. Tumia chekundu."

"Chekundu nimeshabonyeza mara mbili mwezi huu. Unajua." Alikaa kitandani. "Kwa nini usiende kwa Daftari ukamwambia wazi?"

"Ataniuliza ni nani."

Mama yake Fundi alikuwa chumba cha pili, lakini nyumba ile ilikuwa na pazia palipotakiwa kuwa na mlango, na siku hiyo hakuna aliyetaka kulisema neno hilo. "Mficha uchi hazai," alisema kutoka huko.

"Mama, akikosa kazi huyu tutahamia wapi sisi watano?" mkwewe alimjibu kwa upole. "Nieleze mahali, nianze kufunga mizigo."

Bibi alikuwa anapafahamu mahali hapo, kijijini alikotoka, na alikuwa ameapa hatarudi.

Fundi alisema kuna njia. Swichi ya mlango ilikuwa na vituo viwili vya kuunganishia waya. Kimoja kilikwenda kwenye PLC na cha pili hakikuwa na kazi. Angeweza kukitumia hicho cha pili, avute waya moja kwa moja hadi kwenye kontakta, ile swichi nzito inayoipa injini umeme, kama walivyofanya zamani kabla ya visanduku vinavyofikiri. Mlango ukifunguka, umeme unakatika, PLC iamini inavyoamini. Dakika kumi tu. Lakini Jumamosi haikuwa zamu yake, na mlinzi hamwingizi mtu ambaye msimamizi hakumwita.

"Wanakuita mashine ikiharibika," mkewe alisema.

"Ikiharibika, ndiyo."

Walitazamana. Hakuna aliyependa alichokiona usoni mwa mwenzake. Kisha mkewe alimalizia kufunga kitambaa, akatoka, na Fundi akachukua mkoba wa vifaa na kumfuata hatua ishirini nyuma, kama mtu asiyemjua.

* * *

"Leo tusifungue mlango," Chapuchapu aliwaambia wenzake watatu. "Nimeota vibaya."

"Ndoto zako zimeanza lini kuingia kazini?" mmoja aliuliza, lakini walimheshimu, wakamtii. Sabuni iliponasa waliisukuma kwa kijiti kirefu kupitia upenyo wa mkanda, na mara nyingine ilikubali. Mara nyingine ilipondeka, ikafuatwa na nyingine mbili. Boksi la taka lilianza kujaa.

Saa tisa Daftari alifika. Alitazama boksi, akatazama kijiti. "Chapuchapu, leo umekuwa Polepole?"

"Sabuni ya leo ni laini, bosi. Inashika."

"Inashika, si unafungua mlango?"

"Nimeona kijiti ni salama zaidi."

"Salama." Alilitamka neno hilo kama kitu alichokikuta kwenye kiatu. Kipande kilikuwa kimenasa wakati ule ule, kimekaa mshazari chini ya mhuri. "Mnachelewesha kazi kwa jambo la kufungua mlango tu." Akaufungua mlango mwenyewe, na kwa mazoea ya miaka mingi, bila kuangalia juu, akaingiza mkono.

Mhuri ulikuwa umefika juu. Chapuchapu aliusikia ukivuta pumzi ile fupi unayovuta kabla ya kushuka. Hakufikiria daftari wala bohari wala mtihani. Alikipiga kitufe chekundu kwa kiganja kizima.

Chuma kilisimama upana wa kidole juu ya mkono wa Daftari. Daftari aliutoa polepole, na kipande cha sabuni kilikuwa kimemganda kwenye saa yake. Alifunga mlango. Aliufungua tena, akaitazama ile swichi ya kona, na mtu angeweza kuona akili ikimfika usoni. Kitu cha kwanza alichofanya ni kugeuka kuangalia ni nani aliyeona. Wale watatu walikuwa wameinamia mkanda. Msimamizi aliyeingiza mkono kwenye mashine bila kuifunga kwa ufunguo hafukuzwi kesho, hufukuzwa siku hiyo hiyo.

Daftari akalitoa daftari.

"Hii ni mara yako ya tatu," alisema.

"Na mkono wako je, bosi?"

"Mkono gani?"

Chapuchapu alimtazama. Angeweza kulisema kwa sauti mbele ya wote, na angeaminiwa. Kisha wangeuliza mlango umeharibiwa na nani. Alishusha macho, na Daftari, ambaye hakujua alikuwa amesamehewa kwa ajili ya mtu mwingine, akaandika jina lake kwa herufi kubwa na kumtuma mlinzi amtafute fundi.

Fundi alipatikana amekaa juu ya tofali nje ya geti, mkoba magotini.

"Umefikaje haraka hivi?" mlinzi aliuliza.

"Nilikuwa napita."

Ndani ya kabati taa ya manjano ilikuwa inawaka kwa utulivu. Daftari alisimama nyuma yake, safari hii kwa mbali. "Hiyo taa ni ya nini?"

"Ya mashine tu," Fundi alisema.

Alivuta waya mwekundu, akaukaza huku na huku, akawasha, akaufungua mlango na kuingiza mpini wa ufagio. Kontakta ikaachia kwa ule mlio mkavu aliouzoea tangu ujana, na mhuri ukasimama. Alijaribu mara tano. Mara ya tano macho yalimlowa, akajifanya ni sabuni. Aligeuka kumtafuta mkewe, lakini mkewe alikuwa anatazama daftari lililokuwa chini ya kwapa la Daftari.

* * *

Jumatatu Injinia alikuwa ameondoa kule kulazimisha, na taa ya manjano imezimika, kabla watu hawajaingia. Aliuona waya mwekundu, akauacha. Mtihani ulikuwa na maswali sita. La nne liliuliza fundi ahakikishe nini kabla ya kuondoka kwenye mashine, na Fundi aliandika ukurasa mzima. Matokeo yalisomwa saa tisa. Mmoja wa wale vijana wawili alikuja kumpa mkono. "Hongera, mzee," alisema, na alikuwa anamaanisha, jambo lililokuwa gumu kulibeba.

Kisha akaitwa ofisini. Daftari alikuwapo. Daftari lilikuwa mezani limefunguliwa, na safu ya mwisho ilikuwa tupu, mahali ambapo fundi wa programu hutia saini kuthibitisha sababu. Sababu ilikuwa imeshaandikwa: *Hofu ya mwendeshaji. Mashine haina hitilafu.*

"Saini yako ya kwanza," Injinia alisema, akimsogezea kalamu.

"Bosi, hii si kweli."

"Humu ndani kuna watu watatu wanaojua si kweli, na wote watatu wana kazi leo. Ukiandika kingine, utaulizwa kingine."

Daftari alikuwa akizikagua kucha za mkono wake wa kulia, zote tano. Fundi aliishika kalamu kwa muda. Aliwaza kusema. Kwa kweli alifungua mdomo. Kisha aliwaza pazia la nyumbani, viatu vya watoto vilivyopangwa chini ya meza, na mahali pale ambapo mama yake aliapa hatarudi, akatia saini.

Nyumbani walishapata habari. Watoto walimkimbilia, na mama yake aliinuka kwenye kiti, jambo asilolifanya kwa mtu yeyote. "Kumbe ilikuwa ya kupandia," alisema. Fundi alicheka kwa kuwa alitakiwa kucheka.

Mkewe alirudi saa moja baadaye, kutoka bohari. Viganja vyake vilikuwa na michirizi myekundu ya kamba za maboksi. Alimpongeza mbele ya watoto, akawatuma nje kucheza, kisha akaweka juu ya meza barua ya uhamisho iliyobandikwa nakala ya ukurasa wa daftari, aliyokabidhiwa huku wapakiaji wenzake wakitazama. Aliiweka karibu na vifuniko vya chupa, ambavyo bado vilikuwa juu ya daftari la hesabu.

"Siku hizi saini yako imenyooka," alisema.

"Mama watoto, nisikilize. Kesho nitakwenda niwaambie."

Mkewe alivuta kiti, akakaa mkabala naye, akanyoosha kidole kimoja na kukiweka juu ya kifuniko chekundu.

"Nabonyeza," alisema.

Fundi alimtazama.

"Nabonyeza, baba watoto."

"Inawaka."

"Natoa kidole."

Kutoka nje zilisikika sauti za watoto wakimsimulia jirani kwamba baba amekuwa mkubwa kiwandani.

"Inaendelea," Fundi alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtu aikate."

Mkewe alingoja. Aliuangalia mkono wa mumewe uliokuwa juu ya meza, na akangoja kama alivyokuwa akiungoja mhuri, bila kupepesa. Fundi akaanza kuvikusanya vifuniko, kimoja kimoja, vyekundu, vya kijani, na kile cha bluu kilichopondeka, akavirudisha kwenye kopo lake, kwa kuwa mtihani ulikuwa umekwisha.